Moyo Wako na Neno «Bloki»: Somo kwa Wamama wa Kliniki



Siku moja mama mmoja alitoka katika chumba cha kupimia moyo, akaketi kwenye benchi ya inje, akaanza kulia. Wenzake waliokuwa wanangoja kupimisha watoto kilo wakamuuliza: «Mama, uko na nini?» Akajibu: «Munganga amesema moyo yangu iko na bloki. Moyo imefungwa. Nikikufa, nani atalea hawa watoto?»

Mama huyu hakuja hospitali kwa ajili ya moyo. Alikuja kwa sababu ya ngiri ya kitovu. Mbele ya kumpasua, walimpima moyo, na kwenye kartasi wakaona maneno haya: bloki ya tawi la kuume. Yeye alikuwa na nguvu zake. Alilima, alibeba mzigo wa kuni, alipanda mlima kwenda soko bila kusikia kitu.

Habari ilifika nyumbani mbele yake. Mama mkwe akamnyang'anya jembe. Bwana yake akasema mtoto wa miezi tano aachishwe ziwa mara moja, eti maziwa ya moyo mgonjwa yatamwua mtoto. Siku tatu mtoto alinyweshwa uji mwepesi. Siku ya nne akaanza kuhara, macho yakaingia ndani. Basi mtoto akaletwa hospitali mbio, naye ndiye aliyekuwa karibu kufa, wala si mama yake.

Angalia vema: bloki haikumwumiza mtu katika nyumba ile. Ni kutokujua maana ya neno ndiko kulikoumiza. Kwa hiyo tumeandika somo hili. Soma polepole. Kama mwenzako hajui kusoma, umsomee.

1. MOYO UNA NJIA ZAKE

Moyo ni nyama yenye nguvu, ukubwa wake karibu na ngumi ya mwenyewe. Ndani yake kuna vyumba vinne: viwili vya juu na viwili vya chini. Upande wa kuume unapokea damu iliyochoka na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto unapokea damu iliyotoka mapafuni na kuisukuma katika mwili wote. Kwa siku moja moyo wa mtu mzima unapiga karibu mara 100.000.

Nani anauambia moyo upige? Ndani ya moyo kuna umeme kidogo sana, ambao mwili wenyewe unautengeneza. Umeme huo unaanza juu, katika chumba cha kuume. Unashuka mpaka katikati ya moyo, unangoja kidogo, kisha unapita katika njia moja inayogawanyika matawi mawili: tawi la kuume linakwenda chumba cha chini cha kuume, na tawi la kushoto linakwenda chumba cha chini cha kushoto. Umeme ukifika pande zote mbili pamoja, vyumba viwili vya chini vinakaza pamoja.

Sasa fikiri vijiji viwili vilivyo jirani, na mashamba yao yanapakana. Mjumbe wa chifu anatoka na habari. Kwenye njia panda wajumbe wanagawanyika, mmoja kuume, mwingine kushoto. Lakini daraja la njia ya kuume limevunjika. Je, kijiji cha kuume hakitapata habari? Kitapata. Mjumbe wa kushoto atafika kwanza kijiji chake, halafu watu watapita mashambani kwa miguu na kuwaambia jirani. Habari ni ile ile. Inachelewa tu.

Hiyo ndiyo bloki ya tawi la kuume. Njia ya umeme ya upande wa kuume haipitishi, au inapitisha polepole. Umeme unafika kwanza kushoto, kisha unapita ndani ya nyama ya moyo mpaka kuume. Upande wa kuume unakaza nyuma kidogo ya mwenzake, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, upesi kuliko kupepesa jicho.

Basi shika neno hili: bloki hii ni ya njia ya umeme. Si mushipa wa damu uliozibwa. Si moyo uliosimama. Si damu iliyofungwa.

2. KARTASI YA MOYO INAANDIKWA NAMNA GANI?

Kipimo hiki kinaitwa elektrokadiogramu, nasi kwa kifupi tunasema E.C.G. Aliyetengeneza mashini nzuri ya kwanza ni Willem Einthoven, munganga wa Leiden katika inchi ya Uholanzi, zaidi ya miaka 120 iliyopita. Mwaka wa 1924 alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Siku zile mgonjwa aliketi, mikono na mguu vikiingizwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Leo mashini ni ndogo, mtu mmoja anaweza kuibeba.

Wamama wengine wanaogopa mashini hii. Wanasema: «Inatia umeme mu mwili,» au «Inanyonya nguvu ya mtu.» Si kweli. Mashini haitii kitu ndani yako, wala haitoi kitu. Inasikiliza tu umeme wa moyo wako, kama vile sikio linasikiliza sauti. Haiumizi. Haimdhuru mtoto aliye tumboni, wala haiharibu maziwa.

Utalala chali. Watakupaka maji au mafuta kidogo, kisha watatia nyuzi kumi: nne kwenye mikono na miguu, sita kifuani. Nyuzi zingine zinawekwa chini ya ziwa la kushoto, kwa hiyo utafungua nguo ya juu. Una haki ya kuomba muuguzi mwanamke, na ya kujifunika kikwembe mara nyuzi zikiisha kuwekwa. Ulale kimya, usiseme, usitikisike, kwa maana ukitikisika kartasi itajaa mistari ya bure. Ni dakika chache tu.

3. BLOKI INAONEKANA NAMNA GANI?

Si kazi ya mama kusoma E.C.G. na kujipa dawa. Lakini ni vizuri ujue kile munganga anachoangalia, usidanganywe na mtu.

Kartasi ya moyo ina karo kama kaye ya hesabu. Kwa kawaida inapita katika mashini milimeta 25 kwa sekunde moja. Karo ndogo moja ni milimeta 1, ndiyo sekunde 0,04. Karo kubwa moja ina upana wa karo ndogo tano, ndiyo sekunde 0,20. Karo kubwa tano ni sekunde moja.

Kila pigo la moyo linaandika alama tatu. Kwanza kilima kidogo cha mviringo: vyumba vya juu vinakaza. Kisha alama ndefu yenye ncha: vyumba vya chini vinakaza. Mwisho kilima kingine cha mviringo: moyo unapumzika, unajitayarisha kwa pigo lingine. Katika bloki ya tawi la kuume, munganga anaangalia ile alama ya katikati, yenye ncha. Anafuata mambo matatu:

a) Upana. Alama yenye ncha kwa kawaida ni nyembamba. Katika mtu mzima, ikifika karo ndogo tatu, ndiyo sekunde 0,12, au zaidi, ni pana. Maana yake umeme ulichukua wakati kuenea.

b) Umbo kwenye mstari unaoitwa V1. Uzi wa V1 unakaa kifuani, upande wa kuume wa mfupa wa katikati. Kwa kawaida hapo mstari unapanda kidogo, kisha unashuka sana. Lakini katika bloki ya kuume unapanda kidogo, unashuka, halafu unapanda tena juu zaidi. Inakuwa kama masikio mawili ya sungura, au kama herufi M. Sikio la pili ndilo upande wa kuume, uliokuja nyuma.

c) Mwisho wa alama kwenye mistari I na V6. Nyuzi hizi zinatazama moyo kutoka upande wa kushoto. Huko mwisho wa alama unashuka chini, mpana na wa polepole. Ni jambo lile lile, lakini linatazamwa kutoka upande mwingine.

Kama masikio mawili yako, lakini upana haufiki karo tatu, wanasema bloki isiyotimia. Hiyo inaonekana mara nyingi katika vijana na watu wenye afya. Kwa watoto wadogo vipimo vya upana ni vingine, kwa sababu moyo wao ni mdogo na njia ni fupi. Usipime kartasi ya mtoto kwa kipimo cha mtu mzima.

Kwenye kartasi utaona mara nyingi herufi B.B.D. Ni maneno ya Kifaransa ya bloki hiyo hiyo ya kuume. B.B.G. ni bloki ya tawi la kushoto. Hiyo ni jambo lingine, na wanganga wanaifuatilia kwa uangalifu zaidi.

4. KWA NINI INAKUJA?

Watu wengi wenye bloki ya kuume hawana ugonjwa wo wote wa moyo. Wengine wanayo tangu ujana bila kujua. Tena inaongezeka kwa uzee. Kwa watu hao hakuna dawa ya kumeza, kwa maana hakuna kitu cha kuponya. Wanaweza kulima, kubeba mimba, kuzaa, kunyonyesha, na kupasuliwa.

Lakini mara zingine daraja limevunjika kwa sababu fulani. Sababu hizo ni kama:
– tundu katika ukuta wa moyo, ambalo mtoto alizaliwa nalo;
– moyo uliokwisha kupasuliwa ili kuziba tundu;
– ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi, unaochosha upande wa kuume wa moyo;
– tansio ya juu isiyotunzwa kwa miaka mingi;
– ugonjwa wa nyama ya moyo, au mushipa wa moyo uliozibwa;
– bonge la damu lililoingia katika mapafu.

Kwa hiyo munganga akiona bloki anakuuliza maulizo mengi, anasikiliza moyo, anapima tansio. Pengine ataomba ekografi ya moyo, ambayo inaonyesha vyumba na kuta za moyo. Usikasirike, usiseme: «Ananipotezea feza.» Kartasi imeonyesha daraja lililovunjika, anatafuta kama mto ndio ulioleta maji mengi, au kama ni daraja la zamani tu.

5. MAMA WA PILI, KARTASI ILE ILE

Tumekueleza habari ya mama wa kwanza. Sasa sikia ya mama wa pili.

Huyu alizaa kwa kupasuliwa. Nyumbani wakamtunza kwa heshima: alale, asiguse kitu, asitoke kitandani. Siku ya nane mguu wake wa kushoto ukavimba, huo peke yake, na nyama ya nyuma ya mguu ikauma. Wakasema ni baridi, wakamkanda kwa maji ya moto. Siku ya kumi, alipoamka kwenda chooni, pumzi ikakatika ghafula. Kifua kikamchoma upande, moyo ukapiga mbio, akaanguka.

Shemeji yake akambeba mpaka hospitali. Na dada yake alifanya jambo moja la akili: alichukua kile kiloba kidogo ambamo mama aliweka kartasi zake zote. Ndani yake mlikuwa na E.C.G. ya mwaka uliotangulia, bila bloki hata kidogo. Ile mpya ilionyesha masikio mawili ya sungura. Munganga alipoweka kartasi mbili pamoja, akaona kwamba bloki ni mpya, na upande wa kuume wa moyo umelemewa. Akaunganisha na mguu uliovimba na pumzi iliyokatika: bonge la damu limetoka mguuni, limekwenda mapafuni. Siku ile ile walianza sindano za heparini, dawa inayozuia damu isizidi kuganda. Mama alipona. Dawa hiyo haiingii katika maziwa, kwa hiyo aliendelea kunyonyesha.

Wamama wawili, neno moja kwenye kartasi. Wa kwanza alihitaji kurudi nyumbani kwa amani. Wa pili, kama angengoja mpaka kesho, pengine angekufa. Ni nini kilichowatofautisha? Si kartasi. Ni alama katika mwili, na kujua kama bloki ni ya zamani au mpya. Tena, si kila mwenye bonge la damu mapafuni anaonyesha bloki. Kwa hiyo hata kama kartasi ni nzuri, pumzi ikikatika ghafula usingoje.

6. NA MTOTO JE?

Mtoto akionekana na bloki ya kuume, mara nyingi isiyotimia, usilie mbele ya wakati. Watoto wengi ni wazima. Lakini angalia kama anachoka akinyonya, anatoka jasho kichwani wakati wa kunyonya, kilo yake haipandi, au anakohoa na kushikwa na ugonjwa wa kifua mara kwa mara. Kama munganga anasikia sauti nyingine katika moyo wake, pengine kuna tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Tundu hilo linaweza kufanya damu nyingi ipite upande wa kuume, na upande huo unapanuka.

Mtoto mwenye tundu hilo anaweza kukua na kucheza miaka mingi bila watu kujua. Matundu mengine madogo yanajifunga yenyewe. Makubwa yanaweza kufungwa na wanganga wa moyo, na ni vizuri kufanya hivyo mbele ya mapafu kuharibika. Kwa hiyo usiache kumrudisha mtoto kwenye kipimo kwa sababu «anaonekana muzima».

7. ALAMA ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Uwe na bloki au usiwe nayo, njoo siku ile ile, hata usiku, ukiona mojawapo ya alama hizi:

– umezimia, au umeanguka bila kujua sababu;
– pumzi imekatika ghafula, au unakohoa damu;
– kifua kinabana kwa nguvu, maumivu yanakwenda mkononi au shingoni;
– mguu mmoja umevimba na kuuma, zaidi sana ukiwa na mimba au nyuma ya kuzaa;
– huwezi kulala chali bila kukosa pumzi, na miguu yote miwili inavimba. Tangu mwezi wa mwisho wa mimba mpaka miezi tano nyuma ya kuzaa, moyo wa mama mwingine unaweza kulegea; usidhani ni uchovu tu;
– midomo ya mtoto inakuwa ya buluu, au anashindwa kunyonya.

Tena, kama katika jamaa yenu kijana alikufa ghafula bila ugonjwa, umwambie munganga. Kuna ugonjwa mwingine ambao kwenye kartasi unafanana na bloki ya kuume, lakini si yenyewe, na unapita katika jamaa. Anayejua habari ya jamaa ataangalia kartasi yako kwa macho mengine.

8. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Linda kartasi yako. Kartasi nyingi za E.C.G. zinaandikwa kwa joto, si kwa wino. Jua, moto wa jikoni na mafuta vinafuta mistari, na nyuma ya miaka inabaki nyeupe. Iweke mahali pa kivuli na pakavu, pamoja na fishi ya kliniki. Ukipata njia, utengenezeshe fotokopi. Uandike tarehe juu yake. Kila unapokwenda hospitali nyingine, uichukue.

Mwambie munganga dawa zote unazomeza, za hospitali na za miti shamba. Dawa zingine zinagusa njia za umeme za moyo.

Ukiisha kuzaa, hata kwa kupasuliwa, usilale siku nyingi bila kuinuka. Simama mapema, tembea polepole ndani ya nyumba, kunywa maji ya kutosha. Mama mkwe anayekuambia «lala, mtoto wangu» anakupenda. Umweleze kwamba miguu isiyotembea inagandisha damu.

Usimwachishe mtoto ziwa kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye kartasi. Uliza kwanza.

Mama wetu wa kwanza, je? Mtoto alitiwa maji ya chumvi na sukari, akarudishwa kwenye ziwa, na nyuma ya siku chache akaanza kucheka tena. Munganga alimwita bwana pamoja na mama mkwe, akawachorea njia panda na daraja lililovunjika. Mama mkwe akauliza: «Basi habari inafika?» Munganga akajibu: «Inafika, mama. Inachelewa tu.» Ngiri ilipasuliwa bila shida, na jembe lilirudishwa.

MAULIZO YA KUJIFUNZA PAMOJA

1. Ni kitu gani kinachochelewa katika bloki ya tawi la kuume: damu ao umeme?
2. Kwenye mstari V1, bloki inafanana na nini?
3. Karo ndogo tatu ni sekunde ngapi?
4. Kwa nini kartasi ya zamani ilisaidia kuokoa mama wa pili?
5. Taja alama tatu za kukimbilia hospitali siku ile ile.
6. Jirani yako ameambiwa ana bloki, naye anataka kumwachisha mtoto ziwa. Utamwambia nini?